Tujengeeni Bustani ya Mto Kericho, Lakini Msianze na Geti



Mnaojua huu ukurasa mnajua chakula chake ni chai. Drone ya beshte yangu inapaa, majani ya kijani mpaka macho yanachoka, muziki wa polepole, halafu watu wa Nairobi wanaandika "kwani hii ni Ulaya?" na mimi naenda kulala nikiwa nimeridhika. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu niache chuo.

Mwezi uliopita nikajaribu kitu tofauti. Nilishuka kwa miguu hadi mto Kimugu, kule nyuma ya Tea Hotel, nikaweka simu juu ya jiwe na kurekodi maji dakika mbili. Hakuna drone, hakuna muziki. Maji, tumbili wawili, na mfuko wa unga uliokwama kwenye mzizi. Kijana mmoja akaandika chini yake: "Kwani Kericho kuna mto?"

Nikadhani ni mtu wa Mombasa. Nikaingia kwa akaunti yake. Amezaliwa hapa, amesoma hapa, anaendesha boda hapa hapa mjini. Nilitaka kumcheka, halafu nikakumbuka mimi mwenyewe nilijua jina la huo mto nikiwa na miaka kumi na tisa. Shuleni tulikaririshwa Nile, Niger, Zambezi, mpaka Mississippi. Mto unaopita karibu na kwetu tuliuita "kule chini".

Na si kosa la huyo jamaa. Mji wetu umeupa mto kisogo. Maduka yanaangalia barabara kuu, hoteli zinaangalia barabara, hata viti vya mbele ya maduka vinaangalia barabara. Mto uko nyuma, pamoja na vyoo, mapipa na watu wanaoosha pikipiki. Ukitaka kuuona lazima upite katikati ya nyumba za watu ukiomba radhi, au uzunguke shamba ambalo si lako. Basi ndiyo maana nimekaa nikaandika hii badala ya kuirekodi. Kuna kitu nataka kiombwe kwa sauti: Kericho ijenge bustani ya historia kando ya mto. Njia ya miguu, ndefu, ya bure, inayofuata maji na kuunganisha mahali ambapo mambo ya huu mji yalitokea.

Najua neno "bustani" tayari limewafanya wengine waone cabro. Ngojeni.

Nilitembea hiyo njia Jumamosi mbili mfululizo. Nilianzia pale kwenye ardhioevu ya Dionosoyiet, ambayo iko ndani ya mji kabisa na wengi tunaipita tukidhani ni shamba la mtu lililojaa maji. Nikafuata maji nilipoweza, nikarudi barabarani nilipozuiwa. Kufikia jioni ya pili viatu vilikuwa vimeisha na nilikuwa nimeona vitu ambavyo kwenye mji mwingine watu wangelipa pesa kuviona. Kuna lile kanisa la Kianglikana la Holy Trinity, la mawe, dogo, utadhani limebebwa mzima mzima kutoka kijiji cha Uingereza likawekwa hapa. Kuna Tea Hotel yenyewe, iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950 kwa ajili ya wakubwa wa chai, na bado ukisimama kwenye bustani yake ya nyuma unaelewa walichokuwa wanajipatia. Kuna Sacred Heart, kanisa kuu la Wakatoliki lililokamilika mwaka 2015, ambalo wasomi wa usanifu huko nje wanalijua vizuri kuliko sisi tunaolipita na nduthi.

Halafu kuna gurudwara. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu hii stori ilinifanya nijione mjinga.

Baba Puran Singh alikuwa Msikh, fundi, aliyeishi na kufanya kazi Kericho miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza, ambako alianzisha jumuiya kubwa ya kidini Birmingham. Wafuasi wake wanamwita "Kericho Wale", maana yake wa Kericho. Yaani kuna Wasikh Birmingham wanaotamka jina la mji wetu kwa heshima ya maombi, na wengine hupanda ndege kuja hapa kuhiji. Gurudwara iliyojengwa kwa kumbukumbu yake ni kubwa, nyeupe, na ukiingia umefunika kichwa unapewa chakula bure bila kuulizwa dini wala kabila. Mimi nimekula hapo mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa nimefilisika kabisa, nimetoka chuo na begi moja. Sikujua hata ni nani aliyekumbukwa pale. Nilijua tu dengu ni tamu.

Hayo ni ya kupendeza. Kama bustani itakuwa ya kanisa zuri, hoteli nzuri na gurudwara nzuri, wawekezaji watapiga makofi na hakuna mtu atakosa usingizi. Shida ni kwamba mto unapita pia karibu na mambo mengine.

Mnamjua Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi aliyeuawa na Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, akiwa ameitwa kwenye mazungumzo ya amani. Huyo tumemsoma. Ana makumbusho yake kule Nandi Hills, na mwaka 2006 fimbo zake tatu zilirudishwa kutoka Uingereza. Lakini ni wangapi kati yenu mnajua kuhusu kaka yake? Kipchomber arap Koilegen alitofautiana na Koitalel kuhusu nani amrithi baba yao, Kimnyole, akaja huku kwa Wakipsigis na kuwa Orkoiyot wetu. Mwaka 1914 Waingereza wakamkamata pamoja na ndugu zake na kuwatawanya uhamishoni. Kipchomber alifia Murang'a mwaka 1916. Mimi nimezaliwa na kukulia hapa na sikuwahi kusikia jina lake darasani. Nililisikia kwa mzee mmoja wakati tunasubiri mvua ipungue.

Haikuishia hapo. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalum ya kuondoa ukoo mzima wa Watalai, wanaume, wanawake na watoto. Walipelekwa Gwassi, Homa Bay ya leo, mahali pa mbu na mbung'o, watu zaidi ya 700. Walikaa huko karibu miaka thelathini. Waliporudishwa mwaka 1962, uhuru ukiwa mlangoni, hawakurudishiwa ardhi. Wengi waliishia kwenye vibanda pembeni mwa mji wa Kericho. Wajukuu wao wako hapo mpaka leo. Tunapanda nao matatu. Wengine nilisoma nao darasa moja, na tulikuwa tunawatania kwamba babu zao walikuwa wachawi, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyosikia nyumbani. Hakuna mtu aliyetuambia kwamba neno "mchawi" lilikuwa kwenye karatasi za serikali kabla ya kuwa mdomoni mwetu.

Na ardhi iliyochukuliwa? Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwagawia maafisa wao waliojeruhiwa vitani maelfu ya ekari hapa Kericho walime kitani. Kitani kikaanguka bei, mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaingia, na ndipo chai ikaanza kufunika kila kitu. Kwa hiyo ile kijani ambayo nimekuwa nikiwauzia kwenye vidio, ile "Ulaya", ina umri wa miaka mia moja tu. Chini yake kulikuwa na maboma.

Hii ndiyo sababu nasema mto. Siyo kwa ajili ya picha.

Kogo wangu alichuma chai maisha yake yote ya kazi, mgongo wake bado unakumbuka kikapu. Nilimwuliza kwao kulikuwa wapi kabla ya mashamba. Hakuniambia jina la kijiji wala namba ya ploti. Akaniambia: "Pale mto unapopinda mara ya pili, palipo na jiwe kama ng'ombe amelala." Babake alimwonyesha akiwa mdogo. Nyumba haipo, zizi halipo, miti imekatwa, njia zimebadilishwa. Chai inafanana kila mahali, ukisimama katikati yake huwezi kujua uko wapi. Kitu ambacho hakikuhamishwa ni mto. Ramani ya wazee wetu imebaki kwenye kona za maji.

Nikamweleza wazo langu kwa furaha, nikidhani atafurahi. Njia ya miguu, vibao, mahali pa wazee kusimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, akasema, "Weri, mtu akichukua ng'ombe wako, halafu miaka mia baadaye akuletee picha ya ng'ombe, utakamua nini?"

Manze, nilinyamaza.

Na nimekaa na hilo swali wiki tatu, kwa sababu kogo hajakosea. Watu zaidi ya 100,000 wa Kericho na Bomet waliweka majina yao kwenye malalamiko ya ardhi dhidi ya Uingereza. Tume ya Taifa ya Ardhi iliamua mwaka 2019 kwamba walidhulumiwa. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaiandikia serikali ya Uingereza. Mwaka 2022 kesi ikapelekwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles alikuja Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023, akasema maneno ya huzuni Nairobi, akaenda Mombasa, akapanda ndege. Kericho hakufika. Wakati huo huo mashamba yenyewe yanabadilisha mikono kama kadi za karata: Unilever ilijiondoa kwenye biashara ya chai mwaka 2022 ikauza kwa kampuni ya uwekezaji, Finlays nao wakauza mashamba yao kwa Browns wa Sri Lanka. Kila mara mashamba yanauzwa, wanaodai hawaulizwi. Sasa katikati ya haya yote mimi kijana wa drone naja kusema tujenge bustani?

Nasema ndiyo, lakini kwa sharti ambalo mwanzoni sikuwa nalo. Bustani isiwe malipo. Isiandikwe popote, kwenye hotuba wala kwenye mkataba, kwamba kampuni fulani "imewarudishia wananchi" kwa kutoa kipande cha kando ya mto. Kando ya mto si yao ya kutoa. Kanuni za maji za Kenya zinahifadhi kati ya mita 6 na mita 30 kila upande wa mto, kulingana na ukubwa wake, hata kama shamba ni la mtu binafsi. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 65, ilimaliza zile hati za miaka 999 kwa wageni na kuzishusha hadi 99. Kwa hiyo tukija kuomba njia kando ya Kimugu, wale wenye mashamba wasituangalie kama tumekuja kuomba chumvi.

Kogo pia alisema kitu kingine baadaye, akiwa anaosha vikombe, kana kwamba anaongea na vikombe. Alisema wenzake wanaojua zile kona za mto wamebaki wachache. Kesi inaweza kuchukua miaka ishirini. Yeye hana miaka ishirini. Hapo ndipo mimi na yeye tulikutana. Ardhi idaiwe mahakamani, lakini kumbukumbu haiwezi kungoja hukumu.

Sasa tuongee kuhusu cabro, kwa sababu ninajua kaunti zetu.

Mnajua jinsi hii hufanywa. Kwanza geti. Halafu ukuta. Halafu kibao kikubwa cha marumaru chenye jina la aliyefungua, tarehe, na jina la Mungu. Halafu cabro kila mahali, hata pale maji yanapaswa kuzama. Halafu askari wa kaunti anayefukuza vijana kwa sababu wamekaa bila kununua kitu. Mwaka wa pili choo kimefungwa kwa kufuli, taa zimeibiwa, na hapo kati mama mboga na wauza mitumba waliokuwa karibu walishaondolewa kwa jina la "kupendezesha mji".

Tuangalie Michuki Park kule Nairobi. Ile sehemu kando ya mto Nairobi ilikuwa jaa la taka na gereji. Mwaka 2008 John Michuki akiwa waziri wa mazingira akaisafisha, miti ikapandwa, watu wakaanza kupumua. Alipofariki mwaka 2012 bustani ilirudi kuwa kichaka na maficho, mpaka ikabidi ikarabatiwe tena na kufunguliwa 2020. Somo nililolipata pale ni moja tu: ilikuwa na mwenyewe, haikuwa na wenyewe. Mtu mmoja mkali aliitunza, akaenda, nayo ikaenda. Na mwaka 2025 serikali kuu ilizindua mradi mwingine mkubwa wa kusafisha mito ya Nairobi, mabilioni ya pesa, na swali la kwanza la watu wa mitaa ya kando ya mto lilikuwa kama nyumba zao zitabaki. Hawakuuliza kuhusu maua. Wameshafukuzwa mara nyingi kando ya huo mto, wanajua "urembo" humaanisha nini.

Kwa hiyo kwetu kitu cha kwanza kuandikwa, kabla hata mchoraji hajanoa penseli, kiwe hiki: hakuna mtu wa makazi ya Watalai, wala mpangaji yeyote wa kule chini, atahamishwa kwa ajili ya bustani. Ukoo uliofukuzwa 1934 kwa sheria hauwezi kufukuzwa tena kwa sababu ya sehemu ya kupigia selfi. Kama njia itagusa makazi yao, ipite kwa ruhusa yao na iwaletee maji safi na choo kabla iwaletee watalii.

Kitu cha pili ni mvua. Usicheke. Anayeishi hapa anajua, saa nane mchana unaona wingu likitoka upande wa Mau, saa tisa umelowa mpaka soksi, wakati mwingine mawe ya barafu juu yake. Wataalamu wa Nairobi wakituchorea bustani wataweka mabenchi ya wazi na vigae laini. Vitaota ukungu kufikia Krismasi na mzee wa kwanza atavunjika nyonga. Sisi tunataka njia ya changarawe, vibanda vya paa kila baada ya mwendo mfupi, na moto wa kupikia chai. Ndiyo, chai. Mji mzima unanuka chai na ukitaka kukaa mahali pazuri unywe kikombe cha bei ya mwananchi huku ukiangalia maji, hakuna. Mpeni mama wa thermos kibali kabla hamjampa mtu wa hoteli.

Tatu, na hapa natetea tumbo langu pia, ni kazi. Mei 2023 mliona mashine za kuchuma chai zikichomwa moto hapa Kericho. Siungi mkono moto. Lakini mashine moja inachukua kazi ya wachumaji wengi, na hao wachumaji wana watoto walio kama mimi: tumefika chuo, karo ikatushinda, tukarudi na ujuzi nusu. Mimi chuo changu sikitaji. Deni langu halikuwa hata kubwa, ila lango lilikuwa na orodha na jina langu halikuwemo. Tuko wengi hapa tunaojua kuongea, kupiga picha, kuandika, na hatuna mahali pa kupeleka. Mafunzo ya mwongoza wageni hayahitaji digrii. Kinachohitajika ni mtu akae na wazee mwezi mzima, arekodi, aulize, aangalie nyaraka, ajue tofauti ya uvumi na jambo lenye ushahidi. Wageni wa gurudwara tayari wanakuja. Wanashuka, wanasali, wanakula, wanaondoka. Hakuna anayewaambia kwamba mwendo mfupi kutoka hapo kuna mto na stori nyingine.

Kuna mtu ataniuliza pesa zitoke wapi, na kama hii ni kazi ya kaunti kweli. Fungua Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya kaunti. Makumbusho yako hapo. Bustani za kaunti ziko hapo. Utamaduni uko hapo. Hakuna wa kumsingizia Nairobi. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa sasa unaisha 2027, maana yake mpango mpya unaandikwa, maana yake kutakuwa na vikao vya maoni ya umma kwenye kumbi ambazo huwa zina wazee kumi na wawili, soda na mkate. Twende tukale hiyo mkate. Nasema kweli. Ule ukumbi ukijaa vijana themanini wanaouliza kuhusu mto, yule anayeandika kumbukumbu za kikao atalazimika kuandika neno "mto".

Wenzetu wa Bomet msikasirike, sijawasahau. Nyinyi hata mko mbele yetu. Nyangores unapita hapo hapo mjini, na ukiufuata unakutana na maporomoko ya Tenwek na hospitali ya misheni iliyoanza miaka ya 1930, ambayo tangu miaka ya 1980 inapata umeme kutoka kwa maji hayo hayo. Maji yakitoka hapo yanakwenda kuwa mto Mara, ule ule wa nyumbu kwenye televisheni. Dunia nzima inaangalia mwisho wa mto wenu na nyinyi mnautupia nepi mwanzoni wake. Na mna majina yaliyolala wazi. Kapkoros mnaijua kama kiwanda cha chai. Waulizeni wazee kapkoros ilikuwa nini: mahali pa kuabudia, pa kutoa sadaka. Jina bado liko kwenye lori la majani kila asubuhi na hakuna anayelisoma. Siku moja njia mbili zinaweza kuunganishwa, Kimugu na Nyangores, kwa basi ya siku moja. Lakini tuanze na kilomita moja inayofanya kazi, tafadhali, kabla ya mtu kuchora "kanda ya utalii" ya bilioni kumi.

Kuhusu vibao nina maoni makali. Viandikwe lugha tatu, Kipsigis ikiwa ya kwanza. Viseme nani alifanya nini, na mwaka. Visiandikwe kwa ile sauti ya "jamii ilihama ili kupisha maendeleo". Hakuna aliyehama. Pale Tea Hotel kibao kiseme nani aliijenga na nani hakuruhusiwa kuketi ndani wakati wa mkoloni. Pale chai inapoonekana kiseme chai ya kwanza Kenya ilipandwa Limuru 1903, na kwamba hadi miaka ya 1950 Mwafrika hakuruhusiwa kuipanda kwenye shamba lake mwenyewe. Na pawe na kibao cha Kipchomber, mahali popote Watalai watakapochagua, si mahali kamati itakapochagua.

Kama kampuni inataka kuchangia, ichangie. Ifungue nyaraka zake za zamani pia, ramani za miaka ya 1920, tuone maboma yalikuwa wapi. Hizo karatasi zina thamani kwangu kuliko mabenchi mia yenye nembo.

Yule mlinzi wa shamba moja aliyenisimamisha siku ya pili ya matembezi yangu alikuwa mpole tu, kijana wa rika langu. Aliniuliza nimetumwa na nani. Nikasema nafuata mto. Akaniangalia, akaangalia simu yangu, akasema, "Mto hauendi popote, wewe rudi." Nilirudi. Lakini njiani nilifikiri, huyu jamaa anasimama pale kila siku masaa kumi na mbili. Anaijua hiyo kona ya maji kuliko mtu yeyote Kericho. Angekuwa mwongozaji mzuri sana.

Basi mpango wangu ni huu. Jumamosi hii saa tatu asubuhi naanza tena pale Dionosoyiet, naenda mpaka pale tutakaporuhusiwa. Njoo na gambuti, gunia la takataka, na kama una bibi au babu anayekumbuka kitu, njoo naye au njoo na sauti yake kwenye simu. Sitaruka drone. Kogo amesema anakuja. Anataka kuona kama lile jiwe bado limelala. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kuna mahali pa kukaa njiani, nikamwambia hakuna, nitabeba kiti.